Kabla Hujanunua Kompyuta Mpya, Jiulize: Ya Zamani Inaacha Marudio?

Leo tunaweka pembeni kidogo habari za mastaa na nani kaachana na nani. Kuna swali linazunguka sana huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini, Kahama mpaka Katoro, na linakula hela za watu kimyakimya.

Swali lenyewe ni hili. Mtu kauza mpunga, au mzigo wake wa mawe umetiki, au kachukua mkopo wa kikundi. Anataka kufungua stesheneri, studio ya muziki au ofisi ya kupiga picha na video za harusi. Anaingia dukani, anaoneshwa kompyuta mbili za mezani. Moja mpya kabisa, iko kwenye boksi, hata nailoni haijatolewa. Nyingine ilitumika ofisini huko Ulaya miaka kadhaa, ikapanda kontena, ikafika bandarini, ikafutwa vumbi. Ile mpya bei yake ni mara tatu ya ile nyingine. Muuzaji anagonga boksi na kusema, "Bosi wangu, hii ndiyo mashine."

Je, ile mara tatu ni halali, au mtu analipia harufu ya nailoni?

Watu wengi wakiulizwa hivi wanakimbilia namba: prosesa ya ngapi, RAM kiasi gani, kadi ya picha ipi. Mimi leo nataka tupite njia ya historia. Kwa sababu swali hili si geni. Serikali yetu ilishawahi kulijibu kwa machungu, na machimboni linajibiwa kila siku, ila hatujazoea kuyaweka hayo mambo mawili meza moja.

Hazina na mashine ya 1965

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, kutoka kampuni ya Uingereza. Ukisikia kompyuta usifikirie kitu cha kuweka juu ya meza. Mashine za enzi zile zilijaza chumba kizima na zilihitaji watu maalumu wa kuzihudumia.

Sasa angalia mwaka ulivyo na mambo. Aprili 1965, kule Marekani, mtaalamu mmoja anaitwa Gordon Moore, ambaye miaka 3 baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya Intel, aliandika makala fupi. Alisema idadi ya vipande vidogo vinavyowekwa ndani ya chipu moja inaongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema ni kila miaka 2. Biashara nzima ya kompyuta ikaanza kutembea kwa saa hiyo.

Kwa lugha ya mtaani maana yake ni hii: kompyuta ni bidhaa inayoanza kuzeeka siku ileile unayoitoa dukani. Ng'ombe ukimnunua leo, kesho anaweza kuzaa. Kiwanja ukikinunua Kahama leo, kesho bei imepanda. Kompyuta haina tabia hiyo. Inashuka tu. Kwa hiyo anayelipa bei ya juu ya kitu kipya lazima awe na kazi ya kukirudisha hiyo hela haraka, kabla saa ya Moore haijamfikia.

Hazina hawakuwa na haraka hiyo, ila waliendelea. Baada ya miaka michache waliamua kuhamisha hesabu za serikali kutoka kwenye mashine za zamani za kimekanika kwenda kwenye kompyuta mpya ya ICL. Kila kitu kilikuwa kipya na cha kisasa, na bei yake ilikuwa mbaya. Matokeo yake hesabu zikavurugika. Wataalamu wa ndani walikuwa wachache mno, kazi ikawategemea wageni, na mwishowe wakarudi kwenye mashine zilezile za zamani walizozikimbia.

Hasira zake zikaja mwaka 1974. Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na kompyuta 7 tu. Ndiyo, saba, leo chumba kimoja cha shule kina zaidi ya hapo. Zanzibar wao walikuwa wameshaanza televisheni 1973, lakini sisi bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo vituo binafsi vikaanza kurusha matangazo. Marufuku ya kompyuta nayo ililegezwa kidogokidogo mpaka ikaondolewa kabisa miaka ya 1990.

Ukitazama vizuri utaona makosa mawili yanayofanana kama mapacha. La kwanza, kununua kipya kwa sababu ni kipya, bila kuuliza nani atakiendesha na kitafanya kazi gani ambayo cha zamani kimeshindwa. La pili, baada ya kuungua, kukataa kila kitu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi tulikipenda, tukapata kidonda, halafu tukaikataa mpaka dawa. Nchi ikapoteza karibu miaka 20 ya kujifunza.

Na mpaka leo mtaani kuna watu wa aina hizo mbili. Kuna anayesema "chukua mpya tu, usiwe mnyonge", na kuna anayesema "mpya ni wizi, chukua yoyote inayowaka". Wote wawili hawajauliza swali lenyewe.

Swali lenyewe liko machimboni

Twende Geita. Mgodi wa enzi za mkoloni ulianza miaka ya 1930 na ukafungwa 1966. Wakati huo dunia ilikuwa imeishikilia bei ya dhahabu kwenye dola 35 kwa aunsi moja, toka 1934, na ikaendelea hivyo mpaka 1971. Mgodi mkubwa wa kisasa ukafunguliwa palepale Geita mwaka 2000. Mwaka uliofuata, 2001, Bulyanhulu huku upande wa Kahama nao ukaanza uzalishaji. Vilima ni vilevile na jiwe ni lilelile. Kilichobadilika ni bei ya kinachotoka ndani ya jiwe, na njia za kukitoa.

Somo la kwanza la machimboni ni hilo: thamani ya mashine inafuata thamani ya kile inachokisaga. Mashine yenyewe peke yake haina thamani yoyote, ni chuma.

Somo la pili liko kwa wachimbaji wadogo. Ukienda Nyarugusu au Rwamgasa utasikia karasha zinapiga kelele kutwa. Nyingi zimechomelewa na mafundi wa hapahapa. Jiwe linavunjwa, linasagwa, linaoshwa kwenye mwalo, dhahabu inakamatwa. Mchanga unaobaki baada ya hapo hautupwi. Unaitwa marudio. Mwenye akili anajua kwenye marudio bado kuna dhahabu ambayo njia yake imeshindwa kuikamata. Anakuja mwenye mtaji mkubwa, mwenye matangi na dawa, ananunua yale marudio, anatoa gramu ambazo mwenzake aliziona kama uchafu.

Hapo ndipo teknolojia ya bei mbaya inapojilipa. Yule mwenye matangi hakununua mitambo yake apendeze. Alinunua kwa sababu njia ya zamani ilikuwa inaacha dhahabu chini. Kama jiwe lako halina kitu, hata ulete mtambo wa Ulaya, utapata vumbi lililosagwa vizuri.

Kwa hiyo, mdau, hili ndilo swali la kuuliza ukisimama mbele ya yale maboksi mawili: kompyuta niliyonayo, au ile ya bei nafuu, itaacha marudio? Yaani kuna hela inapita mbele yangu ambayo mashine hiyo haitaweza kuikamata, na ile mpya itaikamata? Kama ipo, lipa. Kama haipo, unanunua karasha ya kifahari kwa ajili ya jiwe tupu.

Ndiyo maana mgodi mkubwa kumpa mhandisi wake kompyuta mpya ya bei mbaya siyo anasa. Anachora mwamba mzima wa chini ya ardhi kwa picha za pande tatu, na uamuzi wa wapi pachimbwe unasubiri hiyo picha. Saa moja ya kusubiri inagusa mitambo na watu kibao. Wewe mwenye stesheneri ukiiga kompyuta yake hujaiga hesabu yake.

Kompyuta kwa gramu

Sisi watu wa ukanda huu tunaelewa bei vizuri ikiwekwa kwenye gramu, basi tufanye hivyo.

Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani iliyobadilisha dunia. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, na kwa hela hiyo ulipata RAM ya kilobaiti 16 tu, bila hata sehemu ya kuingiza diski. Kwa bei ya dhahabu ya mwezi ule, hiyo ni zaidi ya gramu 100. Mwaka 2001, Bulyanhulu inaanza, dhahabu ilikuwa inachezea kama dola 270 kwa aunsi. Kompyuta ya dola 1,000 ilikuwa sawa na gramu 115 hivi. Oktoba 2025 dhahabu ikavuka dola 4,000 kwa aunsi. Kompyuta ya dola 1,000 ikawa chini ya gramu 8.

Umeona hiyo? Kwa mwenye gramu mkononi, kompyuta haijawahi kuwa rahisi kama sasa. Na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu katoka soko la madini Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, kauza mzigo vizuri, hela inawasha mfukoni. Mashine ya milioni kadhaa anaiona kama soda. Lakini ile stesheneri anayoenda kuifungua haitalipwa kwa gramu. Italipwa kwa kurasa, shilingi mia mia. Usinunue mashine kwa macho ya mwenye gramu halafu uirudishe kwa kipato cha kurasa.

Nani alilipia nini: 2007 mpaka 2017

Kuna hadithi naipenda kuhusu prosesa moja ya Intel inaitwa Core 2 Quad Q6600. Ilitoka Januari 2007 ikiwa na viini 4. Kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa, kwa hiyo hapo una wanne. Bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 851. Julai mwaka huohuo ikashushwa mpaka dola 266. Chipu ni ileile, na jina halikubadilika. Aliyesubiri miezi 6 alilipa chini ya theluthi moja.

Aliyelipa 851 alipata nini cha ziada? Alipata miezi 6 ya kuwa wa kwanza. Basi. Kama ndani ya hiyo miezi alikuwa na kazi ya kuingiza zaidi ya tofauti ya dola 585, alifanya biashara. Kama alikuwa anacheza gemu na kujisifu kwa washkaji, alinunua sifa. Sifa siyo dhambi, ila ijulikane ni sifa.

Halafu tazama kilichofuata. Miaka 10 mbele, Januari 2017, prosesa ya juu ya Intel kwa kompyuta za kawaida za mezani, i7-7700K, bado ilikuwa na viini vinne. Ni kweli kila kiini kilikuwa na kasi zaidi, lakini miaka 10 watu waliambiwa "kizazi kipya, kizazi kipya" na idadi ya wafanyakazi ndani haikuongezeka. Machi 2017 washindani wao AMD wakaleta Ryzen 7 yenye viini 8, ya bei nafuu kati yake ikiuzwa dola 329. Kabla mwaka haujaisha Intel nao wakatoa ya viini 6. Waliweza muda wote. Walikuwa hawajasukumwa.

Maana yake "mpya" kuna miaka inabeba kitu na kuna miaka inabeba stika tu. Aliyenunua kizazi kipya 2015 akiacha cha 2013 alilipia stika. Aliyesubiri mpaka mwisho wa 2017 alipata mashine yenye uzito kweli. Boksi jipya lenyewe halikwambii uko mwaka gani kati ya hiyo miwili. Lazima uulize.

Kwa wapenzi wa gemu mambo ni yaleyale. Machi 2017 kadi ya picha ya GTX 1080 Ti ilitoka kwa dola 699. Septemba 2018 ikaja RTX 2080, bei ya kuanzia dola 699 vilevile, na kwenye magemu ya wakati ule zilikuwa zinakaribiana sana. Ulipewa uwezo mpya wa kuchora mwanga kwa uhalisia, ila magemu ya kuutumia yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole.

Wachimbaji wa aina nyingine

Sasa hapa utacheka. Unajua nani aliharibu bei za kadi za picha 2018 na tena 2021? Wachimbaji! Siyo wa Mgusu. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali, waliokuwa wananunua kadi za picha kwa makontena ili zifanye hesabu za kutafuta sarafu. Kadi ya RTX 3080 iliyotangazwa kwa dola 699 Septemba 2020 ikawa inauzwa mitaani zaidi ya mara mbili ya bei hiyo.

Yeyote aliyewahi kuona rashi anajua mchezo huu. Dhahabu ikionekana mahali, wiki moja tu, maji yanapanda bei, chumba cha kulala kinapanda bei, koleo linapanda bei. Koleo halijabadilika. Foleni ndiyo imekuwa ndefu. Na rashi ikiisha, vitu vinauzwa kwa bei ya kutupa. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ukaacha kabisa utaratibu wa kuchimba kwa kadi za picha, na kadi zilizotumika zikamwagika sokoni.

Sasa hivi tuko kwenye rashi nyingine. Makampuni ya akili bandia yanajenga vituo vikubwa vya kompyuta na yanakomba kumbukumbu zote. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda zaidi ya mara mbili. Desemba 2025 kampuni ya Micron ikatangaza kuacha kuuza RAM na SSD zake za Crucial kwa wateja wa kawaida kama mimi na wewe, ielekeze nguvu kwa wateja wakubwa. Kwa hiyo sehemu ya bei ya kompyuta mpya unayooneshwa leo siyo ubora. Ni foleni. Wewe wa Ngokolo unapanga foleni moja na matajiri wa akili bandia bila kujua.

Na usidhani ni ushuru wa forodha. Toka Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze 2005, kompyuta zinaingia kwa ushuru wa asilimia 0, ingawa kodi nyingine na usafiri vipo. Sehemu kubwa ya bei imetoka nayo hukohuko.

Tupige hesabu ya hapa kwetu

Twende kwenye meza yako sasa. Bei zifuatazo ni za mfano, wewe weka za dukani kwako.

Tuseme iliyotumika ni shilingi 900,000 na mpya ni 2,700,000. Tuwe waadilifu: iliyotumika tuipe miaka 3 ya kazi, mpya miaka 5. Siku za kazi kwa mwaka tuseme 300. Iliyotumika ni 900,000 kwa siku 900, yaani 1,000 kwa siku. Mpya ni 2,700,000 kwa siku 1,500, yaani 1,800 kwa siku. Tofauti ni shilingi 800 kwa siku.

Ukiiona hivyo, siyo kubwa kama ilivyotisha dukani. Lakini uliza marudio. Stesheneri inafanya nini kutwa? Inachapa barua, inatoa kopi, inajaza maombi ya Ajira Portal, inawajazia wanafunzi fomu za mkopo wa HESLB. Muda unaenda wapi? Mtandao unasumbua, mfumo umejaa watu, mteja anatafuta namba yake ya NIDA kwenye pochi, printa imemeza karatasi. Kompyuta yenyewe muda mwingi inasubiri. Hata enzi zile za intaneti kafe za dishi, kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009, ilikuwa hivyohivyo: mashine nzuri zimekaa zinasubiri ukurasa ufunguke. Kama faida ya ukurasa ni shilingi 50, ile mpya inatakiwa ikuletee kurasa 16 zaidi kila siku. Itazileta kutoka wapi? Watu hawaji kwako kwa sababu ya prosesa. Wanakuja kwa sababu uko karibu na halmashauri.

Sasa chukua mtu wa video za harusi au anayetengeneza video za waimbaji wa Kisukuma. Huyu kompyuta yake ikichukua usiku mzima kutoa video moja, na umeme ukikatika saa 10 alfajiri anaanza upya. Mteja wa pili anaondoka. Hayo ndiyo marudio! Shilingi 800 kwa siku ni kama 20,000 kwa mwezi wa siku 25 za kazi. Kazi moja tu ya ziada kwa mwezi inailipa na chenji inabaki. Huyu mwambie anunue mpya, au angalau iliyotumika ya karibuni yenye kadi ya picha nzuri, na asisikilize maneno.

Ila kuna kitu kinaweza kuipindua hesabu yote: hela ni yako au ya mkopo? Ile tofauti ya 1,800,000 ukiikopa kwa riba ya mfano ya asilimia 5 kwa mwezi, mwezi wa kwanza tu riba ni 90,000. Siyo 20,000 tena. Hapo wengi ndipo wanapopotelea. Mashine inabaki nzuri, mwenye mashine anauza mbuzi.

Upande wa pili: rahisi nayo ina gharama

Nisieleweke vibaya kwamba nawatuma mkachukue kila chuma kinachowaka. Kuna ya zamani inayoacha marudio yake.

Kwanza, programu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ambazo zilianza kutoka 2017. Ofisi za nje zimekuwa zikizitoa zile za chini yake kwa wingi, na soko la kuzipeleka mnalijua. Ukiuziwa ya kizazi cha 4 kwa bei ya kizazi cha 8 umepigwa. Uliza kizazi kabla ya kuuliza bei, na uwashe uangalie mwenyewe.

Pili, LUKU. Mashine ya zamani inayokula wati 100 zaidi ya mwenzake, kwa saa 10, imekula uniti 1 kila siku. Kwa uniti ya shilingi kama 350, hiyo ni karibu nusu ya ile tofauti ya 800. Joto lote lile unalolisikia mgongoni mwa kompyuta unalilipia.

Tatu, diski. Kabla ya kubadilisha kompyuta nzima, toa diski ya kuzunguka, weka SSD. Kompyuta nyingi zinazolaumiwa kuwa nzee hazina uzee, zina diski inayotafuta faili kwa kuzunguka kama sahani ya santuri. Ni kama kubadilisha mkanda wa karasha badala ya karasha. Kwa kazi za ofisi, hakuna shilingi inayofanya kazi kuliko hiyo.

Nne, dhamana. Mpya inakupa mtu wa kumrudia ikifa mwezi wa pili. Kama una kazi ambayo siku moja ya kusimama inakuondolea mteja mkubwa, dhamana ni sehemu ya bei, ihesabu.

Kwa hiyo, kompyuta mpya inastahili bei yake? Kwa yule ambaye ya zamani inamwachia hela mchangani, ndiyo, na asichelewe. Kwa wengi wetu, hapana. Bei ya juu ni bei ya kuwa wa kwanza, na toka Hazina ya miaka ile mpaka mashabiki wa Q6600, kuwa wa kwanza bila kazi ya kukulipa haijawahi kumnufaisha mtu isipokuwa muuzaji.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe wa stesheneri, wewe wa studio, wewe dalali wa madini mwenye kompyuta ya milioni 4 ya kuandikia risiti: mashine yako imekurudishia hela ndani ya muda gani? Shusha komenti hapo chini, na uweke hesabu, siyo sifa tu!